Mazoezi ya vidole kwenye piano: tunayoambiwa na yaliyo kweli

Anayeanza kujifunza piano, popote alipo, hachelewi kukutana na mazoezi 60 ya Charles-Louis Hanon, mwalimu wa Kifaransa aliyeyachapisha mwaka 1873. Walimu wamegawanyika juu yake. Mmoja atakuambia usipoyapiga kila siku hutafika popote. Mwingine atakuambia yaache, yatakuharibu mikono. Kama mwalimu, nimepokea wanafunzi waliolelewa na pande zote mbili. Naona ugomvi huu unaendelea kwa sababu watu hawajaulizana kwanza mazoezi yenyewe yanabadilisha nini ndani ya mwili wa mpigaji.

"Mazoezi yanavipa vidole nguvu"

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo linaloleta madhara zaidi. Kibonye cha piano ya kawaida hushuka kwa uzito wa gramu 50 hivi, na safari yake yote kwenda chini ni kama sentimita moja. Mtoto wa miaka sita ana nguvu hiyo na ya ziada.

Tena vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja wala kuvinyoosha. Misuli mikubwa ya kazi hiyo iko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na huvivuta vidole kwa kano ndefu. Mingine midogo iko kiganjani. Shika kigasha chako cha kulia kwa mkono wa kushoto, kisha chezesha vidole vya kulia hewani. Utaisikia misuli ikitembea chini ya ngozi, mbali kabisa na vidole.

Kinachojengeka ukifanya mazoezi vizuri ni usahihi wa amri zinazotoka kwenye ubongo: msuli upi ukaze, lini, kwa kiasi gani, na hasa uachie lini. Hapo kwenye kuachia ndipo wengi wanapokwama. Kibonye kikifika chini, nyundo ya ndani imeshagonga waya na kurudi; ukiendelea kukandamiza, huongezi hata chembe ya sauti, unauchosha mkono tu. Mwanafunzi anayesema vidole vyake ni dhaifu, mara nyingi ukimtazama utaona hajaachia nota ya kwanza wakati anaiendea ya tatu. Huyo anahitaji kujifunza kulegeza, na ukimwongezea mazoezi ya nguvu unamzidishia ugonjwa.

"Kidole cha nne kikifanyishwa kazi sana kitakuwa sawa na vingine"

Hanon mwenyewe aliahidi jambo hili: kwamba vidole vyote vitano vikizoezwa sawasawa, mpigaji ataweza kila kitu kilichoandikwa kwa ajili ya piano. Lakini umbile la mkono halikubali. Kidole cha shahada na kidole cha mwisho kila kimoja kina msuli wake wa ziada wa kukinyoosha. Kidole cha pete, ambacho wapiga piano hukiita cha nne, hakina, na juu ya hapo kano yake imefungwa na kano za majirani zake kwa nyuzi zinazopita mgongoni mwa kiganja. Weka mkono mezani, kunja kidole cha kati mpaka kilale chini ya kiganja, halafu jaribu kuinua cha pete peke yake. Hakitainuka, na hakuna idadi ya miaka ya mazoezi itakayokata nyuzi hizo.

Watu wamelipia ghali kwa kutokubali hilo. Katika karne ya 19 wapo wapiga piano waliofanyiwa upasuaji ili nyuzi hizo zikatwe kweli. Mtunzi Mjerumani Robert Schumann, akiwa kijana Leipzig mwanzoni mwa miaka ya 1830, alitumia chombo cha kuzoeza kidole, na mkono wake wa kulia ukaharibika kiasi kwamba ndoto ya kuwa mpigaji wa jukwaani iliishia hapo. Wataalamu wanabishana kama chombo ndicho kilichosababisha yote. Kwa vyovyote, hakikumsaidia.

Frédéric Chopin, mtunzi na mpiga piano wa Kipolandi aliyezaliwa mwaka 1810 kama Schumann na aliyefundisha Paris hadi karibu na kifo chake mwaka 1849, alikwenda njia nyingine kabisa, na mimi nasimama upande wake. Katika maandishi ya kitabu cha mbinu ambacho hakukimaliza, alieleza kwamba kila kidole kina nguvu yake kwa jinsi kilivyoumbwa, na kwamba tofauti hiyo itunzwe kwa sababu ndiyo inayotoa rangi ya sauti. Mwanafunzi wake aliweka vidole juu ya E, F♯, G♯, A♯ na B. Jaribu uone: vidole virefu vinalala juu ya vibonye vyeusi, vifupi vinabaki kwenye vyeupe, na mkono unatulia bila kulazimishwa. Ndiyo maana alianza na skeli (ngazi ya nota zinazofuatana) ya B, ambayo wengi wetu tunaiogopa, na ile ya C, tunayoiona rahisi kwa kuwa haina nyeusi hata moja, akaiacha iwe ya mwisho.

Kwa hiyo kidole cha nne kinahitaji msaada. Acha kigasha kizunguke kidogo kukielekea, na mkono wote usogee nyuma yake wakati wa kupiga. Sauti itatoka sawa na ya wenzake, na sauti ndiyo msikilizaji anayoipata.

"Ukisikia maumivu ujue zoezi linafanya kazi"

Hapana. Uchovu mdogo unaoisha ukipumzika ni jambo la kawaida. Maumivu, ganzi au kidole kujikunja chenyewe ni sababu ya kuacha siku hiyohiyo na kumwona daktari yasipoisha. Mmarekani Leon Fleisher, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne iliyopita, alianza kupoteza uwezo wa kuviongoza vidole viwili vya mkono wa kulia katikati ya miaka ya 1960. Kwa miaka kama thelathini alipiga muziki ulioandikwa kwa mkono wa kushoto pekee, akafundisha na kuongoza okestra. Ugonjwa wake, distonia, ambao misuli hujikaza yenyewe bila kuamriwa, una sababu nyingi, lakini kurudia mwendo uleule kupita kiasi ni mojawapo ya zinazotajwa, na yeye mwenyewe alilaumu namna alivyokuwa akifanya mazoezi.

"Vidole vipige tu, akili inaweza kuwa kwingine"

Wazo hili lilikuwa na watetezi wenye majina makubwa. Friedrich Kalkbrenner, mpiga piano aliyesifika sana Paris, alipendekeza mpigaji asome huku vidole vikifanya mazoezi, mikono ikiwa imeegemezwa juu ya reli ya mbao. Mwaka 1831 alimwambia Chopin asome kwake miaka mitatu, Chopin alikataa. Chopin pia aliwakataza wanafunzi wake kufanya mazoezi zaidi ya saa tatu kwa siku.

Chukua zoezi la kwanza la Hanon: do mi fa so la so fa mi, kisha unapanda nota moja na kurudia. Baada ya siku chache mkono unalijua. Kuanzia hapo, kila dakika unayolipiga bila kusikiliza unakomaza kosa lolote lililomo: gumba linalogonga kwa kishindo, bega lililopanda, nota ya nne inayochelewa. Ubongo hauchagui cha kukumbuka, unakumbuka kilichorudiwa. Dakika kumi ukiwa na swali moja la kusikilizia zinatosha. Je, nota zote nane ni sawa kwa ukubwa? Naweza kuzipiga kwa sauti ndogo kabisa bila hata moja kupotea?

"Basi hayafai, tupige nyimbo tu"

Huku nako ni kupotoka. Skeli na arpejio (nota za kodi zikipigwa moja baada ya nyingine) zimejaa ndani ya Mozart na Beethoven, na aliyekwisha kujua kidole gani kinafuata kipi haanzi upya kila ukurasa. Sergei Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano wa Kirusi, alisimulia kwamba katika shule za muziki za Urusi mwanafunzi alilijua kila zoezi la Hanon kwa namba yake, na mtahini aliweza kumtaka alipige katika ufunguo wowote, metronomu (chombo cha kuhesabu mapigo) ikiwa imewekwa.

"Ufunguo wowote" ndiyo siri. Mazoezi mengi ya Hanon yameandikwa kwa C tu, na mikono yote miwili inafanya kitu kilekile. Mpiga kinanda wa kanisani anajua maisha hayako hivyo: wimbo leo do ni G, kesho kwaya imechoka na kiongozi anataka ushushwe hadi E♭. Akilihamishia zoezi la kwanza kwenye E♭, A♭ na B, amefanya kazi ya maana kuliko kumaliza yote 60 kwa C.

Kuhusu vinanda vya umeme ambavyo vibonye vyake havina uzito, ambavyo ndivyo wengi wetu tunavyo: mpangilio wa vidole, mapigo na kuachia unaweza kujifunza hapo bila shida. Usilojifunza ni kupima ukubwa wa sauti kwa uzito wa mkono. Hilo linahitaji kinanda chenye vibonye vizito au piano yenyewe, hata kama ni ya kuazima saa moja kwa wiki.

Na zoezi bora zaidi mara nyingi limo ndani ya wimbo unaokushinda. Mpiga piano Alfred Cortot, katika matoleo yake ya kazi za Chopin, alilichukua kila gumu na kulitengenezea mazoezi yake mafupi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kufanya vivyo hivyo. Tafuta baa (kipande kati ya mistari miwili ya wima kwenye nota) inayokukwamisha, toa nota nne au tano zenye tatizo, zipige haraka kwa pumzi moja kisha usimame. Zigeuze mapigo, zihamishe ufunguo, jaribu vidole vingine. Zikishakubali, zirudishe mahali pake, uanze kupiga baa mbili kabla yake na kuendelea mbili baada yake.