Je, wajua kwa nini daktari wa usingizi anaweza kukuruhusu kufanyiwa upasuaji bila kukupima damu?

Mtu mwenye afya njema anayekwenda kufanyiwa upasuaji mdogo, tuseme wa ngiri au wa kuondoa uvimbe chini ya ngozi, hutarajia kwanza atolewe damu, apigwe picha ya kifua na apimwe moyo, ndipo daktari wa usingizi akubali kumlaza. Akiambiwa kwamba hahitaji hata kimoja kati ya hivyo huingiwa na wasiwasi, na ndugu zake huanza kunong'ona kwamba hospitali inabana matumizi. Kumbe kwa mgonjwa wa namna hiyo, kutopimwa ndio uamuzi uliofikiriwa zaidi.

Sababu ya kwanza imo ndani ya vipimo vyenyewe. Kile ambacho maabara hukiita kiwango cha kawaida kwa kawaida huwekwa kwa kupima watu wazima wa afya na kuchukua asilimia 95 ya majibu yao yaliyo katikati, maana yake ni kwamba mtu mmoja kati ya 20 wasio na ugonjwa wowote atasomeka nje ya kiwango hicho. Ukimpima mtu huyo vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau jibu moja kutoka na alama ya kasoro unafikia takriban asilimia 64. Jibu hilo ni vigumu kulipuuza likishaandikwa kwenye faili: huenda kikaagizwa kipimo cha pili, pengine na cha tatu, upasuaji ukaahirishwa, na mgonjwa ambaye tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni akarudishwa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa asiokuwa nao.

Je, vipimo hivyo havimkingi na madhara akiwa mezani? Swali hilo lilichunguzwa Marekani na Kanada kwa wagonjwa waliokuwa wakitolewa mtoto wa jicho, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Katika operesheni zipatazo 19,500, nusu ya wagonjwa walifanyiwa vipimo vya kawaida vya damu na vya umeme wa moyo, na nusu nyingine hawakufanyiwa isipokuwa pale hali yao ilipodai. Matatizo ya kiafya, kama vile presha kupanda au mapigo ya moyo kwenda polepole mno, yalitokea kwa kiwango kile kile pande zote mbili, takriban 31 kwa kila operesheni 1,000.

Mwaka 2013 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa orodha ya mambo matano ambayo wanachama wake washauriwe kuyaacha, ikiwa sehemu ya kampeni iliyoanzishwa nchini humo mwaka mmoja kabla ili kupunguza tiba zisizo na faida. La kwanza ni hilo la vipimo vya damu kwa mtu asiye na ugonjwa mkubwa, ikiwa upasuaji ni wa hatari ndogo na damu itakayopotea inatarajiwa kuwa kidogo. Jingine, ambalo kwangu lina uzito kuliko yote, linahusu kuongezewa damu: kijana mwenye afya ambaye havuji damu, hana dalili na presha yake imetulia, asiongezewe damu ikiwa himoglobini yake, yaani kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu, ni gramu 6 au zaidi kwa desilita. Wengi hushtuka wakisikia 6, kwa kuwa ni chini sana ya kawaida, lakini damu ya mtu mwingine inaweza kuleta mzio, kujaza maji mapafuni au kuharibu chembe nyekundu isipolingana, na chupa iliyotumiwa bila sababu imemkosa aliyekuwa akiihitaji.

Daktari makini hujaza pengo la vipimo kwa mazungumzo na kwa macho yake. Atakuuliza kama unaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama kuhema, kwa kuwa jibu hilo humweleza mengi kuhusu moyo na mapafu yako. Atakuomba ufungue mdomo na kukunja shingo ili ajue kama mpira wa kupitishia hewa utaingia kwa urahisi, ataangalia meno yanayolegea, na atataka kujua kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata balaa baada ya dawa ya usingizi. Kipimo kikifuata, kitakuwa kimeitwa na jibu mojawapo: ukitaja kisukari utapimwa sukari, na ukitaja dawa za kuzuia damu kuganda utapimwa namna damu yako inavyoganda.

Kinachofanya desturi ya zamani iendelee mara nyingi ni hofu. Daktari mpasuaji huagiza vipimo akihofia mwenzake wa usingizi atamrudishia mgonjwa, na huyo wa usingizi, ambaye pengine hakuviomba, huvikuta vimeshalipiwa.

Hata hivyo orodha ya Marekani haiwezi kuchukuliwa nzima nzima na kubandikwa ukutani Dar es Salaam au Kisumu. Selimundu, au siko seli kama wengi wanavyoiita, ni ya kawaida zaidi huku, na upungufu wa damu kwa wajawazito na watoto si jambo la nadra, hivyo kuuliza au kupima kuna uzito ambao Chicago hakuna. Mama anayeandaliwa kujifungua kwa upasuaji hata hahusiki na pendekezo lile la kwanza, kwa kuwa damu anayotarajiwa kupoteza si kidogo. Kujua himoglobini yake na kundi lake la damu mapema ni sehemu ya maandalizi, hasa pale ambapo chupa ya damu huenda ikalazimika kufuatwa hospitali nyingine.