Fundi wa karakana ya reli Mombasa: yanayosemwa na yalivyo

"SGR, yaani treni ya reli mpya ya kisasa, ni ya umeme." Wengi wanaoshuka Miritini huamini hivyo. Ya umeme ni ya Tanzania. Ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017, inatumia dizeli.

"Basi dizeli ndiyo inayozungusha magurudumu." Hapana. Injini huzungusha jenereta, nayo jenereta hupeleka umeme kwenye mota zilizo katika ekseli. Fundi ajuaye pampu na nozeli peke yake ni nusu fundi. Kwenye vichwa vya treni vya zamani, mota hizo zina brashi za kaboni ambazo hulika. Vumbi lake likikutana na unyevu wa chumvi wa pwani, umeme huanza kuvuja. Mota hupulizwa vumbi, ikapimwa kwa mega, kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja. Kipimo kikisoma chini, mota hukaushwa kwenye tanuri kwanza, ndipo ipakwe vanishi. Ukiirudisha kazini na unyevu wake, utakuwa umeiunguza.

"Upepo ukiisha, breki hazishiki." Hili ndilo lililopinduliwa kabisa. Upepo wa bomba la breki, linalopita treni nzima, ndio unaozifungua breki. Bomba la behewa la mizigo kwa kawaida hujazwa hadi bar 5. Presha ikishuka, vali hupitisha upepo wa tangi la behewa hadi kwenye silinda, na breki hubana.

Hatari kubwa ni koki, yaani bomba la kufungia upepo kati ya mabehewa, iliyosahauliwa imefungwa katikati ya treni. Geji ya dereva itasoma vizuri, na kumbe mabehewa yote ya nyuma hayapati amri. Kwa hiyo unaunganisha mipira ya upepo ya mabehewa, unafungua koki, kisha unasoma geji kwenye behewa la mwisho, si la kwanza. Dereva anapunguza presha. Unatembea treni nzima ukitazama kama kila breki imegusa gurudumu. Anaachia breki; unatembea tena. Jua la Changamwe halipunguzi hata hatua moja. Behewa likilala muda mrefu, tangi nalo huvuja na breki huachia, hivyo lazima breki ya mkono na kabari.

"Gurudumu la chuma haliishi." Hulika, na breki ikiganda likaburuzwa relini, hupata bapa linaloigonga reli kila mzunguko. Dawa yake ni kulikereza, lakini pamoja na mwenzake wa ekseli ileile, mpaka vipenyo vilingane. Wala huwezi kuazima seti ya magurudumu ya SGR kwa reli ya zamani: moja ina upana wa milimita 1,435, nyingine 1,000.

"Fundi mkongwe anagonga nyundo tu, anajua." Gurudumu lililopasuka hutoa mlio mfu, ni kweli. Ufa wa ekseli uliojificha ndani ya kitovu cha gurudumu haupigi kelele. Husafishwa grisi kwenye ncha ya ekseli, kisha hutafutwa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti.