Kinda wa furukombe au mwewe anapotoka kiotani

Kutoka kiotani ni kipindi ambacho kinda wa ndege mla nyama anaanza kuruka, lakini bado hajui kutua vizuri wala kuwinda. Furukombe, tai mwenye kichwa cheupe anayesikika Mwanza upande wa Capri Point na Kisiwa cha Saanane, hutoka akiwa na siku 65 hadi 75 hivi. Mwewe wa Kirumba, mwalo wa samaki hukohuko Mwanza, huwahi zaidi, karibu na wiki ya saba.

Siku chache kabla, kinda husimama ukingoni akipiga mbawa, hurukia tawi la jirani, kisha hurudi. Ndugu wawili kwa kawaida hawatoki siku moja, kwa sababu hawakuanguliwa siku moja.

Shida kubwa ni kutua. Kinda hukosa tawi, hujibamiza kwenye majani na kuishia chini, au hata majini. Furukombe mchanga akiangukia ziwani huweza kujisukuma kwa mbawa mpaka ufukweni. Watu wakimkuta hapo humdhania yatima. Huyu ana wazazi, nao kwa kawaida wako mtini karibu, wanamwona na watamletea samaki. Kinda huyu ni wa kahawia mwenye michirizi. Kichwa cheupe kabisa hukipata akikaribia miaka mitano.

Kwa hiyo funga mbwa, ondoa watoto, kaa mbali kama mita 50 na uangalie kwa saa mbili. Akiwa barabarani, mfunike kwa taulo kutokea nyuma na ushike miguu yote miwili kwa nguvu, maana kinachojeruhi zaidi ni kucha kuliko mdomo. Mweke kwenye tawi lililo karibu. Wazazi hawamkatai kwa harufu ya mikono yako. Usimpe ugali, mkate wala maziwa, na usimtilie maji mdomoni: tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, maji huingia mapafuni.

Bawa likining'inia, akivuja damu au akifumba macho muda wote, mtie kwenye boksi lenye matundu, mahali penye giza na kimya, kisha waite maofisa wanyamapori. Kumfuga bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Baada ya kutoka, furukombe hulishwa na wazazi kwa miezi miwili hivi, na mara nyingi hurudi kiotani kula na kulala. Mwewe wana hatari yao ya ziada: hutandika kiota kwa matambara, plastiki na nyuzi. Ukiona kinda mmoja anapiga mbawa palepale siku baada ya siku ilhali wenzake wameshatoka, huenda mguu wake umenaswa na uzi wa nailoni. Huyo asisubiriwe, kwani uzi ukikaza damu haifiki kwenye vidole na mguu hufa.