Silikanti, Bamvua na Paka wa Schrödinger: Yanayokatwa Katika Video Fupi

Nafundisha sayansi katika shule ya sekondari jijini Tanga, na swali linalonipa kazi kubwa zaidi darasani ni lile ambalo mwanafunzi ameshalijibu kwa video ya dakika moja aliyoitazama usiku kwenye simu. Hamu yao ya kujua ni ya kweli, nami ninaithamini. Kinachoniuma ni kwamba video hizo huwapa hitimisho tupu na kukata maelezo ya namna jambo lilivyojulikana, na hitimisho lililotengwa na njia yake hugeuka upesi kuwa jambo jingine kabisa. Nianze na mfano wa nyumbani, samaki wa kilindini aitwaye silikanti.

Dhana potofu: Silikanti ni kisukuku kinachoishi, hajabadilika kwa miaka milioni 400, na ndiye babu wa wanyama wote wenye miguu minne.

Ukweli: Mpaka Desemba 1938 wataalamu waliwajua silikanti kwa visukuku tu, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, wakaamini kwamba walitoweka pamoja na dinosaria, yapata miaka milioni 66 iliyopita. Mwezi huo Marjorie Courtenay-Latimer, mhifadhi wa makumbusho mjini East London, Afrika Kusini, alimwona mmoja miongoni mwa samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Kwetu Tanga, kuanzia mwaka 2004, wavuvi wa jarife, wavu mkubwa wa kunasia papa, walianza kuwanasa, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Video nyingi huishia hapa, kwenye mshangao, ilhali hapa ndipo elimu yenyewe inapoanza. Silikanti ni kundi kubwa la spishi, wala si samaki mmoja aliyejificha kilindini tangu zama hizo. Visukuku vinaonyesha kwamba wengine waliishi katika maji baridi, na kwamba walitofautiana kwa umbo na kwa ukubwa. Spishi ya Tanga, Latimeria chalumnae, haijapatikana katika visukuku vya kale hivyo, na anaye ndugu yake wa Indonesia aliyetambuliwa kuwa spishi ya pekee mwaka 1999. Jenomu yake, yaani jumla ya taarifa zake za urithi, iliposomwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2013, ilibainika kwamba jeni zake zinazotengeneza protini hubadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu, lakini hubadilika. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kamongo, yule tunayemfahamu kutoka Ziwa Victoria, ana nasaba ya karibu zaidi na wanyama wenye miguu minne kuliko silikanti. Zaidi ya hayo, silikanti anayeishi leo hawezi kuwa babu wa wanyama wenye miguu minne wanaoishi leo. Silikanti na wanyama hao ni binamu wenye babu mmoja aliyekwisha kutoweka. Kosa hili moja, la kumwita binamu babu, ndilo linalomfanya kijana aulize kwa nini nyani wa leo hawageuki watu.

Dhana potofu: Mwezi huvuta maji ya bahari, na kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, mwezi mpevu huvuta pia maji ya ubongo na kubadili tabia.

Ukweli: Mvuvi yeyote wa Sahare, hapa Tanga, anajua kwamba bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, huja mwezi uandamapo na pia unapokuwa mpevu, na kwamba kati ya bamvua mbili huwapo maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo. Anajua pia kwamba maji hujaa mara mbili kwa siku. Kama ingekuwa ni kuvutwa tu, yangejaa mara moja, upande unaoelekea mwezi. Kinachofanya kazi ni tofauti ya mvuto kati ya upande wa dunia ulio karibu na mwezi na ule ulio mbali, umbali wa kilomita zipatazo 12,700. Ushahidi wake ni mzuri sana: jua huivuta dunia kwa nguvu inayokaribia mara 180 ya mvuto wa mwezi, lakini kwa kuwa liko mbali mno, tofauti hiyo ni ndogo, na mchango wake katika kujaa na kupwa haufiki nusu ya ule wa mwezi. Sasa kati ya utosi na kisigino cha mtu hakuna hata mita mbili na nusu. Tofauti ya mvuto kwa urefu huo ni ndogo kiasi cha kutokuwa na maana yoyote mwilini.

Dhana potofu: Fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo sana, imethibitisha kwamba fahamu ya mtazamaji huumba uhalisia, na paka wa Schrödinger ni hai na mfu mpaka mtu amtazame.

Ukweli: Mwanafizikia Erwin Schrödinger alimleta paka huyo wa kufikirika, aliyefungiwa kisandukuni, mwaka 1935 kama pingamizi, akionyesha kwamba fasiri fulani ya nadharia ikipelekwa hadi kwenye vitu vikubwa huleta matokeo yasiyokubalika. Katika maabara, kutazama ni kupima, na kipimo hufanywa na chombo hata kama hakuna mtu chumbani. Ni kweli kwamba wanafizikia bado hawajakubaliana kuhusu kinachotokea wakati wa kipimo. Ziko fasiri kadhaa zinazoshindana. Mjadala huo ulio wazi ndio ningependa wanafunzi wausikie.

Dhana potofu: Falsafa ya Wastoiki, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, inafundisha kutojali na kuzima hisia.

Ukweli: Kijana mmoja aliniambia kwamba kulia msibani ni udhaifu, kwa kuwa Wastoiki wamesema hivyo. Wastoiki walilaumu hisia zinazotokana na hukumu potofu, lakini walizitambua pia hisia njema, zikiwamo furaha na tahadhari. Epictetus, mmoja wao aliyepata kuwa mtumwa, alitenganisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu, kisha akafundisha wajibu wa mtu akiwa mwana, ndugu na raia. Video hubeba nusu ya kwanza na kuiacha ya pili.

Dhana potofu: Kosa ni ufupi, jambo zito haliwezi kusemwa kwa dakika moja.

Ukweli: Linaweza, ikiwa dakika hiyo itatumika vizuri. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba silikanti huishi miaka 20 hivi. Mwaka 2021 watafiti walichunguza magamba ya samaki 27 kwa mwanga uliochujwa kwa namna maalumu, wakaona miviringo myembamba ya ukuaji ambayo awali haikuonekana, na hesabu ikawapeleka kwenye umri unaokaribia miaka 100, na mimba ya takriban miaka mitano. Maelezo hayo hayajazi dakika, na ndani yake mna njia, mna kosa la awali na mna marekebisho yake. Mwanafunzi akiyasikia, ataelewa mwenyewe kwa nini silikanti mmoja mwenye mimba akinaswa kwenye jarife, pengo lake huchukua miongo kuzibika.