Homa imeondoka, damu yasemaje?

Homa ya kurithi ya Mediterania ni ugonjwa gani?

Unatokana na hitilafu katika jeni iitwayo MEFV, iliyotambuliwa mwaka 1997. Huwapata zaidi Waturuki, Waarmenia, Wayahudi na Waarabu. Homa hupanda ghafla, tumbo au kifua huuma, kisha baada ya siku 1 hadi 3 mgonjwa huinuka kana kwamba hakuumwa. Wako waliopasuliwa tumbo bure kwa kudhaniwa wana kidole tumbo.

Homa ikishapoa, kuna haja gani ya kupima damu?

Hapo ndipo penye hatari. Kwa baadhi ya wagonjwa inflamesheni, yaani kinga ya mwili kuwaka bila adui, huendelea kimya kimya. Ini huzidi kutoa protini iitwayo amiloidi A ya seramu. Mabaki yake yakijikusanya kwenye figo miaka nenda rudi, figo hushindwa kazi. Dawa iitwayo kolkisini, inayotumika kwa ugonjwa huu tangu 1972, huzikinga figo, ila inywewe kila siku, hata na anayejiona mzima. Wengi huiacha hapo.

Picha kamili ya damu, yaani kipimo cha kuhesabu chembe zake, inaonyesha nini?

Nyutrofili na limfosaiti ni aina mbili za chembe nyeupe za damu. Kinga ikiwaka, nyutrofili huongezeka na limfosaiti hupungua. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: nyutrofili 6 kwa limfosaiti 2 ni uwiano wa 3. Madaktari wa Uturuki wameuchunguza sana uwiano huu, pamoja na ule wa chembe sahani (chembe za kugandisha damu) kwa limfosaiti. Uzuri wake ni bei, maana namba zote zimo tayari kwenye karatasi ya maabara. Ukubwa wa chembe sahani nao umejaribiwa, lakini majibu yamepingana.

Uwiano ukiwa juu, ndiyo uthibitisho kwamba inflamesheni inaendelea?

La. Malaria, jipu, dawa za steroidi, hata ujauzito huubadilisha. Tena Waafrika wengi wana nyutrofili chache kwa maumbile, na ni wazima kabisa. Kiwango kilichopangwa Ankara hakiwezi kuwapima kwa haki. Mimi ningemlinganisha mgonjwa na majibu yake mwenyewe ya zamani, tena yaliyochukuliwa akiwa hana homa.

Kwa hiyo nimwombe daktari kipimo kipi?

CRP, protini ya damu inayopanda kukiwa na inflamesheni, na amiloidi A ya seramu, kama maabara inayo. Na kila miezi 6 hivi, mkojo upimwe protini. Ni kipimo rahisi, nacho ndicho kinachosahauliwa.