Kibisi si bata

Kwenye madimbwi ya mabonde ya mpunga hapa Pemba yuko ndege mdogo wa kahawia, kibisi: umemwona sasa hivi, kazama, kaibukia kwingine. "Kitoto cha bata hicho, mwanangu, mamake yumo majanini," aliniambia mzee mmoja mkulima. Mtazame mdomo, mzee wangu. Wa bata ni bapa. Wa kibisi umechongoka, na msimu wa kuzaa pembeni mwake hutokea kidoa cha manjano.

Miguu ndiyo hasa inayomtenga. Imeota nyuma kabisa, na vidole havikuungana kwa utando. Kila kimoja kina bapa lake la ngozi, mfano wa kafi. Akisukuma maji hukunjuka, akirudisha mguu hujikunja. Nchi kavu sasa, kutembea kwake ni taabu tupu, ndiyo maana hata kiota hukijenga kikielea, kimefungwa kwenye majani. Akiondoka huyafunika mayai kwa majani yaliyooza.

Mnandi, ndege mwingine mzamiaji, hulowa manyoya, ndiyo ukamwona ameanika mbawa juani. Kibisi hubana manyoya yake, hewa ikatoka, akadidimia taratibu mpaka kikabaki kichwa. Na manyoya hayo huyala! Huwalisha hata makinda yake. Tumboni hufanya donge, na inaaminika hulinda utumbo na miiba ya samaki, kisha hulitapika na miiba yake.

Duniani wako spishi ishirini na kitu, Afrika Mashariki tatu. Huyu wetu, kibisi mdogo, hafiki robo kilo. Yule mkubwa wa Amerika Kusini huzidi kilo moja. Wako wa Amerika Kaskazini ambao wakichumbiana hukimbia wawili wawili juu ya maji, wima. Wa Ziwa Titicaca, huko Amerika Kusini, haruki kabisa. Jamaa yao wa karibu kwa vinasaba ni heroe, yaani flamingo mwenye miguu mirefu, jambo ambalo mimi mwenyewe bado hunichekesha nikiwalinganisha miguu.

Jirani zetu Madagaska walikuwa na kibisi wa Ziwa Alaotra, aliyetangazwa kutoweka mwaka 2010. Samaki wa kuletwa, nyavu za nailoni, na kuchanganya damu na kibisi mdogo vilimmaliza. Mbawa zake zilikuwa fupi, kuhama hakuweza. Wetu huruka usiku kutafuta maji mapya, ndiyo maana bonde likikauka hupotea, na mvua zikishiba utamsikia tena akitetema majanini.