Dumu la Dawa Si la Maji

Wiki iliyopita mama mjamzito kutoka mashamba ya kando ya mto Sabaki alikuja kliniki na dumu la lita 5 la maji ya kunywa. Lilikuwa la dawa ya shamba: karatasi imebanduliwa, alama ya fuvu imebaki nusu. Alipofungua kifuniko, harufu ilinifikia nilipokaa. Akaniambia, "Usijali dada, nimeliosha." Basi maswali ya mama huyo na wenzake, kuhusu dumu hilo na kemikali zinazovuruga homoni, nayajibu hapa.

Kemikali zinazovuruga homoni ni zipi?
Homoni hutoka kwenye tezi, hupita katika damu na kuuamuru mwili: ukue, ubalehe, ushike mimba. Kuna kemikali zinazojifanya homoni, na nyingine huizuia homoni isifanye kazi yake. Zimo katika baadhi ya dawa za shamba, plastiki, na hata vidonge tunavyomeza na kuvitoa kwa mkojo.

Zinatufikiaje Malindi?
Mto Athi ndio Galana, na Galana ndio Sabaki. Mto Nairobi huingia humo, hivyo uchafu wa jiji na dawa za mashamba ya njiani huteremka hadi kwetu. Lakini tusiwalaumu wa juu peke yao. Bomba la kupulizia dawa tunaliosha mtoni wenyewe, na choo cha shimo tunakichimba hatua chache kutoka kisimani.

Kiasi kidogo hivyo kina madhara gani?
Huko Kanada, kuanzia 2001 hadi 2003, watafiti walitia ziwani homoni ya vidonge vya kupanga uzazi, nanogramu (sehemu ya bilioni ya gramu) 5 au 6 tu kwa lita. Samaki wadogo wa kiume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na aina hiyo karibu iishe ziwani. Binadamu si samaki, lakini homoni hufanya kazi kwa viwango vidogo mno, na mtoto aliye tumboni ndiye wa kuhofiwa zaidi, kwa kuwa viungo vyake ndiyo kwanza vinaumbwa.

Basi niache vidonge vya uzazi?
Usiache. Vilivyobaki au vilivyopitwa na muda virudishe kliniki, usivitupe chooni.

Nikichemsha maji?
Chemsha, kwa sababu ya kipindupindu na homa ya matumbo. Dawa ya shamba haiondoki kwa moto. Maji yanapungua, dawa inabaki.

Dumu nimelisugua kwa sabuni, mchanga na maji moto.
Hapana. Plastiki hunyonya dawa, kisha huitoa kidogo kidogo ndani ya maji yako, siku baada ya siku.

Mbona maelezo yake yanasema lisuuzwe mara tatu?
Ili litupwe! Maji ya kusuuzia yanarudi ndani ya bomba, yanapulizwa shambani palepale, kisha dumu linatobolewa asilitumie mtu. Hakuna palipoandikwa kwamba sasa ni la kunywea. Msilichome moto pia, moshi wake ni sumu.

La kuoshea vyombo tu? La pombe ya mnazi?
Hapana, na hapana. Ndugu zangu, dumu safi la kununua halifikii gharama ya nauli ya kwenda hospitali.

Tumeshalitumia miezi mingi, na hatuumwi.
Madhara ya homoni hayaji na homa. Acheni leo, na mwenye mimba aje kliniki wiki hii, asingoje siku yake ya kawaida ya kliniki.

Na aliyekunywa dawa yenyewe?
Akitokwa na mate mengi, jasho, mboni za macho zikiwa ndogo au pumzi ikimshinda, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Msimpe maziwa, msimtapishe, msingoje kuona kama atapata nafuu. Kila wiki kuna anayeniletea mgonjwa aliyekwisha kunyweshwa maziwa, saa zimepita. Mvueni nguo zilizomwagikiwa, na dumu lake mlilete pia, daktari asome jina la dawa.